Mara Mbili Katika Kopo Moja

Kazi nzima iligharimu karatasi zilizojaa chumba kutoka sakafuni hadi darini, macho ya mwanamke mmoja, na jina la baba yake. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili, kama ninavyopiga kila hesabu, na mara zote mbili imetoka vilevile. Pesa sizitii humo. Pesa zilikuwa za wafadhili, na pesa ya mfadhili haimuumi mtu. Ikiisha wanafunga mlango na kuacha kalenda ukutani. Lakini hivyo vingine vilikuwa na wenyewe, na mwenye macho na mwenye baba ni mtu mmoja, yuko hai, amelala kwenye chumba cha kukodi mjini Embu akinisubiri nimpelekee jibu.

Alinipigia simu nikiwa dukani kwangu hapa Makutano, ambapo natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti na kuwaandikia vijana barua za kuomba kazi ambazo wao na mimi tunajua hazitajibiwa. Namba sikuijua. Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Ikasema, "Wewe Mumeru, bado unatafuna vijiti?" Nilikaa chini. Hapa Meru hakuna anayeniita Mumeru, itakuwa kama kumwita ng'ombe Ng'ombe. Aliyeniita hivyo ni mmoja tu, mwaka mmoja tu, nami nikamjibu jibu la mwaka ule: "Na wewe Wanjira, bado unakula majani ya mbuzi?" Ndio ulikuwa ugomvi wetu, mimi na miraa ya kwetu inayotafunwa vijiti, yeye na muguka wa kwao unaotafunwa majani, kila mmoja akidai cha mwenzake ni chakula cha mifugo. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Kilipomwachilia akasema daktari amemwambia apange mambo yake, na jambo lake ni moja. Anataka kuzikwa Kibugu, kwenye shamba la baba yake. Watoto wa baba mkubwa na wajukuu wa baba mdogo wamekaa kikao, na kijana aitwaye Nyaga, anayelima majani chai kwenye shamba hilo, amepewa kazi ya kumletea uamuzi. "Akaniambia kwa adabu sana," Wanjira alisema. "'Shangazi, si ubaya. Lakini kaburi ni kama hati. Lete karatasi inayosema wewe ni wa Njeru, tutachimba wenyewe.' Sasa, Mumeru, karatasi unajua ilikoenda. Nenda uniletee picha. Si ziko mbili?"

Nilisema ziko mbili. Ni kweli, nilizihesabu.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa Kibirichia, huku kwetu Meru, niliyeshuka Embu na magunia ya viazi ya watu, na nilipata kazi kwa sababu ya ubishi. Nilikuwa sokoni nikimkatalia mnunuzi mmoja hesabu yake, nikalimwaga gunia lote chini na kuanza kuhesabu debe upya mbele ya umati, na mwanaume mmoja mwenye tai alisimama akatazama mpaka mwisho. Alikuwa Bwana Musyoka, msimamizi wa mradi wa kupiga picha vitabu vya zamani vya ofisi fulani ya serikali ambayo sitaitaja, maana tangu siku hizo imebadilishwa jina na walioiharibu wamestaafu kwa heshima. Akaniuliza, "Wewe hufanya hivi kila mara?" Nikamwambia pesa ikitoka mkononi haijui njia ya kurudi. Jumatatu nilikuwa na meza.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ofisi hiyo, kirefu na chembamba, madirisha yamezibwa kwa blanketi nyeusi. Mwisho wake palisimama kamera kwenye mlingoti, imeinamisha uso chini kama mtu anayetafuta sindano, na taa kali kila upande. Chini yake kulikuwa na ubao na kioo. Wanjira alikaa hapo. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, amesomea kazi hiyo Nairobi, na alikuwa na mkono mmoja wa kugeuza ukurasa na mguu mmoja wa kukanyaga kibonyezo, hivi kwamba ukimtazama kwa muda ulidhani anashona. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango. Vitabu vilinifikia kwanza mimi. Navifungua uzi, natoa pini zenye kutu, nafuta vumbi na mayai ya mende kwa brashi ya rangi, na kurasa zilizokunjika nazipiga pasi. Pasi ya makaa, kweli, ya kina mama, na kitambaa juu ya karatasi ili isiungue. Halafu nahesabu kurasa, nahesabu tena, naandika, na zikitoka kwa Wanjira nahesabu upya. Bwana Musyoka alikuwa na sheria aliyoirudia kama sala: karatasi ikishapigwa picha na hesabu ikitimia, inachomwa. Mchwa walikuwa wameshaanza kazi yao, nafasi hakuna, na vitabu vile vilikuwa na muhuri wa siri, havingeweza kuachwa vizagae. "Karatasi ni ya leo," alikuwa akisema, akigonga kopo la filamu kwa kalamu, tik, tik. "Hii hapa itatuzika sote." Tulimwamini. Kopo lilikuwa la bati, lina mfuniko uliokaza vizuri, na mtu wa huku akiona kitu kimefunikwa vizuri huwa anatulia moyo.

Tulipanga nyumba moja jirani na ofisi, vyumba tofauti, kwa ajuza mmoja tuliyemwita Cucu, bibi. Chakula kilikuwa ndani ya kodi na hicho nilikipigania mpaka mwisho: githeri ya mahindi na maharagwe jioni, uji asubuhi, nduma, yaani magimbi, Jumapili baada ya kanisa. Githeri yake haikuwa na viazi, ilikuwa na ndizi mbichi, nami nilimwambia kwetu hiyo tungeiita ajali. Alinipa sahani ya pili hata hivyo. Chumba changu na jiko viligawanywa na mbao, na mbao zilikuwa na nafasi za kupitisha harufu na maneno. Jioni majirani walikuja kumsaidia kuchambua kunde, na nilikuwa nikilala chali na kusikiliza kunde zikianguka kwenye ungo, na mazungumzo nusu Kiembu, ambacho Mumeru akikaza sikio hakimpiti sana. Jioni moja mama mmoja akauliza hawa wapangaji wako wanafanya kazi gani. Cucu akasema wanapiga picha vitabu vya hali ya hatari ya mkoloni, vile walimoandikwa watu wakiingizwa vijijini ndani ya ua wa miba. Kunde zikaanguka. Yule mama akasema, "Vile vya kuhesabu watu." Cucu akasema, "Vile." Mwingine akasema, "Mimi nilimwambia mume wangu akohoe wakati wakimhesabu. Wakikosea hesabu, utapona. Akaniambia ni mambo ya kishenzi." Halafu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akasema: "Wakamhesabu sawasawa. Hakurudi."

Sijui kama msomaji wa leo anaelewa. Kwetu sote, Meru na Embu, mtu hahesabiwi. Unaweza kuhesabu viazi, pesa, hata matusi, lakini ukimuuliza mama ana watoto wangapi anakuambia Mungu amemsaidia. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili sijawahi kuhesabu wajukuu wangu hata mara moja, na ukiniuliza nitaangalia pembeni. Sasa fikiria kazi yetu ilivyokuwa. Tulikuwa tunahesabu vitabu vya kuhesabia watu, kisha tunavichoma. Wakati ule sikuiona hivyo. Niliona kodi, githeri, na shati jipya.

Kitabu cha Kibugu kilifika mezani kwangu katikati ya mwaka, wakati wa ule ukungu wa baridi unaoshuka kutoka msituni na kukaa mjini kama mgeni asiye na nauli. Kilikuwa kikubwa, kimeliwa pembe moja. Niliondoa pini, nikapiga pasi, nikahesabu, nikapeleka. Baada ya muda nikasikia kamera imenyamaza. Ukizoea mlio wa kile kibonyezo, kunyamaza kwake ni sawa na mtu kuita. Nilipogeuka, Wanjira alikuwa ameinua kioo na kuweka kidole gumba chake juu ya ukurasa. Hakulia. Taa zilikuwa zimemmulika pande zote, hana kivuli, na alikuwa ameshikilia gumba pale kama mtu anayeziba tundu la maji.

"Murithi," akaniita. Jina langu hakuwa akilitumia. "Njoo usome hapa, macho yangu yamechoka."

Nikasoma. Njeru wa Ireri, Kibugu. Mke mmoja. Mtoto mmoja, wa kike, Wanjira. Na pembeni, mahali pa sahihi, alama ya gumba kwa wino mweusi, mistari yake imetoka safi kabisa, kama pete za mti.

Lazima niseme kilichokuwa nyuma ya jina hilo, maana bila hicho ukurasa ule ni wino tu. Njeru alihamishwa kutoka kijiji kile kwenda kambini na hakuonekana tena. Hakuacha picha, hakuacha kaburi. Mama yake Wanjira alitoka kwenye ua wa miba na mtoto mgongoni, na watu wa ukoo wakapiga hesabu zao za midomoni, wakasema mtoto yule ni wa homgadi, askari wa mkoloni aliyelinda lango, alizaliwa Njeru akiwa ameshaondoka. Aliitwa hivyo shuleni, kisimani, na hata kanisani kwa macho. Hakuolewa, alisema hataki kuulizwa ukoo na wakwe. Na sasa hapa, kwa mwandiko wa karani ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda, palikuwa pameandikwa kwamba siku Njeru anahesabiwa, mtoto alikuwapo na jina analo, na Njeru alikubali kwa gumba.

Alitaka karatasi. Nani asingetaka? Tukaenda wote kwa Bwana Musyoka, na kwa kuwa yeye hakuweza kuongea, nikafanya kazi ninayoijua.

"Ukurasa mmoja tu, Bwana Musyoka. Mchwa wangekula, ungemuuliza mchwa?"

"Mchwa hana barua ya ajira. Mimi ninayo. Hesabu ikipungua moja, kitabu kizima kinarudishwa na mimi naulizwa."

"Basi tuupige fotokopi hapo ofisini."

"Una muhuri wa siri. Nakala haitoki nje ya chumba. Unataka nifungwe kwa sababu ya gumba?"

"Kata kipande, jina na gumba. Karatasi ibaki, hesabu itimie."

"Murithi, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni soko, mzee wangu, ni vile tu pengine hawaonyeshi mizani."

Akatabasamu kidogo, na hapo nikajua ameshuka. Si mtu mbaya, Bwana Musyoka. Alimtazama Wanjira, akatazama kopo, akagonga kwa kalamu. Akasema ukurasa atauchoma kama sheria inavyotaka, lakini filamu ndiyo mali yenyewe, na filamu iko chini yake. Nikaliona tundu, nikapenya. Nikasema, basi huo ukurasa upigwe mara mbili. Picha moja ikiharibika, ya pili ipo. Akasema filamu ni ghali. Nikasema gumba ni moja. Akafikiri, akasema, "Mbili, basi. Na msinirudie tena na jambo hili."

Tukatoka pale kama watu walionunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Wanjira alirudi kwenye kamera, akaulaza ukurasa, akashusha kioo, akakanyaga. Akapumua. Akakanyaga tena. Nikaandika kwenye hesabu yangu kwamba ukurasa ule umepigwa mara mbili, nikahakikisha. Jioni alininunulia nyama kwenye bucha moja karibu na stendi, kilo nzima, wawili tu, na alikula kwa vidole vyote kumi akicheka. "Mara mbili, Mumeru. Hata waziri hapigwi mara mbili." Nikamwambia Mumeru akiingia sokoni huwezi kumrudisha na moja. Ijumaa tulipochoma, yeye ndiye aliyeutia ukurasa ule kwenye pipa. Hakuutupa kama zile nyingine. Aliuweka, ukiwa umelala vizuri, gumba likitazama juu. Majivu yalipanda yakaenda kuangukia nguo za Cucu zilizoanikwa, na Cucu akazikung'uta moja moja bila kutulaumu.

Nimeishi na biashara miaka mingi tangu hapo, na nimeuziwa mbolea yenye mchanga na toner ya fotokopi yenye masizi, lakini sijawahi kufurahia kununua hewa kama siku ile. Picha mbili, zimefuatana, kwenye filamu moja, ndani ya kopo moja, kwenye rafu moja, chini ya bati moja linalochomwa na jua moja. Mtoto wa darasa la tatu angeona. Mkulima wa Kibirichia hawezi kuweka mbegu yote kwenye gunia moja, anajua baridi ikiingia inakwenda yote. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimehesabu moja, mbili, na neno mbili lina utamu wake, linakufanya usiulize ziko wapi.

Mwisho wa mwaka pesa ziliisha. Nakala za pili za filamu zote zilikuwa zitengenezwe Nairobi, ndivyo mpango ulivyosema, lakini mpango ulikuwa wa mwenye pesa. Makopo yakabaki kwenye rafu. Nikayahesabu mara ya mwisho, yakatimia, Bwana Musyoka akafunga mlango na kunipa mkono. Wanjira alikuwa tayari anasoma barua kwa kuisogeza puani. Zile taa zilikuwa zimemla macho. Tukaagana stendi, tukaahidiana kuandikiana, na hatukuandikiana, kama kawaida ya watu walioahidiana stendi.

Kwa hiyo baada ya simu yake nilikwenda Embu. Chumba ni kilekile, ila sasa hakina blanketi; kina kompyuta, na mashine ya kuskani inayopitisha filamu kama mkanda na kuitoa upande wa pili ikiwa picha kwenye kioo. Anayeiendesha ni binti mmoja mpole aitwaye Kendi, wa kwetu Meru, aliyefurahi kusikia nilifanya kazi pale kabla hajazaliwa mama yake, au hivyo alivyosema kwa kunichokoza, akiniita guka, yaani babu. "Kumbe ni wewe mwenye huu mwandiko kwenye orodha, guka? Mbona kila kitu umeandika mara mbili?" Nikamtajia kopo la Kibugu. Uso wake ulibadilika kabla hajasimama.

Alilileta, akalifungua karibu na dirisha. Harufu ilitoka kwanza. Siki. Kali, ya kukata machozi, kama kachumbari iliyosahauliwa chini ya mfuniko. Kendi akanieleza polepole, kama wanavyowaeleza wazee hospitalini: filamu za aina ile zikikaa kwenye joto hutoa asidi, na asidi ikifungiwa ndani ya kopo haina pa kwenda, inairudia filamu na kuila. Kadiri mfuniko unavyokaza, ndivyo inavyojila. Nikaukumbuka ule mfuniko wetu mzuri. Ndani, filamu haikuwa mkanda tena. Ilikuwa kitu kimoja kigumu, kimejikunja na kushikana, kina unga mweupe pembeni, kama sabuni ya kipande iliyoachwa mvuani halafu juani. Akajaribu ncha ya kwanza kwa kibano. Sehemu yenye urefu wa kidole ikabanduka, tukaiweka kwenye mwanga, na nikaona mwandiko wangu wa karatasi ya mwanzo: Kibugu. Iliyofuata ilibanduka bila picha. Picha ilibaki imeng'ang'ania mgongo wa ile ya chini yake, ikatoka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua.

"Unachotafuta kiko mwanzo au mwisho?" akauliza.

"Katikati."

Akaweka kibano chini. "Guka, sitakudanganya. Nikivuta, inavunjika. Nikiiacha, inaendelea kujila. Kuna maabara ng'ambo wanaojaribu kulainisha, lakini ni foleni ya miezi, na hawaahidi. Na hili limeandikwa kwenye yale ya kutupwa." Kisha akasema anakwenda chai, na kwamba vitu vya kutupwa yeye huwa hafuatilii sana vinakokwenda.

Sasa kopo liko nyumbani kwangu, kwenye friji, kwa sababu Kendi alisema baridi huchelewesha. Mke wangu amelifunga kwenye mifuko, na bado maziwa yananuka siki. Ananiuliza ni maiti ya nani nimemletea. Nilimpigia Nyaga, kijana wa Kibugu. Nikajaribu kila bei ninayoijua. Nikamwambia nimeuona ukurasa kwa macho yangu, niko tayari kuapa. Akasema, "Mzee, nakuamini. Lakini wewe ni rafiki yake. Ukoo hauwezi kuzika kwa neno la rafiki." Nikamwambia basi mpimwe damu, wewe na yeye. Akasema hilo litaleta ugomvi mkubwa kuliko kaburi, akakata simu kwa adabu yake ileile. Ni mara ya kwanza nakutana na mtu ambaye hataki kitu chochote nilicho nacho.

Wanjira anapiga kila jioni. Haulizi moja kwa moja. Anauliza Makutano kuna mvua, anauliza bei ya viazi, halafu anasema, "Na ile yetu?" Namwambia wanaitafuta. Jana akasema, "Usijali ikichelewa, si ziko mbili," na alikuwa ananituliza mimi. Jumamosi nashuka Embu kumwona. Daktari hajasema miezi, amesema anayetaka kumwona amwone sasa.

Kwa hiyo nauliza, na sijazoea kuuliza bila kuwa na kitu cha kutoa. Kama kuna anayesoma hapa na amewahi kuifungua filamu iliyoshikana hivi, kwa maji, kwa dawa, kwa baridi au kwa mvuke, aje Makutano aulize duka la fotokopi la Murithi, nitamlipa anachotaka wala sitabishana. Kama huna ujuzi huo, niambie hili jingine tu: niivute mwenyewe kabla ya Jumamosi, huenda lile gumba likatoka hata nusu, au niiache ilivyo na kumwambia bado ziko mbili?